Kwa Baiskeli Kutoka Kahe Hadi Rombo

Kazi yangu ni ukarani wa parokia. Naandika vyeti vya ubatizo na vya ndoa, nahesabu michango ya jumuiya, na kila Jumamosi naandaa matangazo ya Misa. Si kazi ya kumfanya mtu ajulikane kuwa msafiri. Lakini ninayo baiskeli tangu nilipokuwa chuo cha ualimu, na mtu mwenye baiskeli katika miteremko ya Kilimanjaro hana budi kujifunza kuchagua njia. Ndiyo maana, masika yaliyopita, mzee mmoja mwenye haja ya safari hakwenda kwa mwenye gari. Alikuja ofisini kwangu, akakunja mwavuli wake, akaketi.

Mzee huyo ni baba mkwe wangu. Alifanya kazi ya reli. Aliajiriwa mwaka 1971, kijana wa miaka 19, katika gengi la kutengeneza njia kati ya Kahe na Taveta, wakati reli ilikuwa bado moja kwa nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Mwaka 1974 alipata mtoto wake wa kwanza, akaenda kumpa habari dada yake mkubwa aliyeolewa Rombo, karibu na Mkuu. Alikwenda kwa baiskeli, Phoenix nyeusi, akalala njiani, akafika. Habari za safari ile tumezisikia kila Krismasi. Sasa dada yake amezeeka kumpita yeye, macho yamepungua nguvu, na hasafiri tena.

"Nataka kwenda kumwona," akaniambia, "na nataka kwenda kama nilivyokwenda siku ile. Wewe unazo ramani, mkwe wangu. Nichoree njia."

Nilimwambia kwamba magari ya Rombo hutoka Moshi kutwa. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyejibu swali ambalo hakuulizwa.

Mama watoto alipopata habari hakupiga kelele. Alisema neno moja tu: "Mchoree baba yangu njia ya kwenda na njia ya kurudi. Ile ya kurudi uichore kwanza."

Basi nikaanza kazi. Na kwa kuwa wengi wenu mnazo baiskeli, na vijana wengi hupanga safari za namna hii wakati wa likizo, nimeona niwaeleze jinsi njia inavyopangwa huku kwetu, maana siyo kama nchi za tambarare.

Ukitaka kuufahamu mlima wetu, chukua mwavuli, ufungue, uweke chini. Zile mbavu za mwavuli zinazotoka juu kwenda ukingoni ndiyo migongo ya nchi yetu: Machame, Kibosho, Uru, Mbokomu, Old Moshi, Kirua, Kilema, Marangu, Mamba, Mwika, na kuendelea mpaka Rombo. Kati ya mgongo na mgongo limo bonde lenye mto, na mengine ni makorongo hasa. Barabara inayofuata mgongo mmoja hupanda tu au hushuka tu. Mtu huichukia, lakini hujua analolichukia. Barabara inayokatisha kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine ndiyo yenye hila. Kwenye ramani ni mstari mfupi kama kidole. Kwa miguu ya mtu ni kushuka mtoni, kuvuka daraja, na kupanda tena kimo kile kile ulichokipoteza, kisha kuanza upya nyuma ya kona.

Nchi nyingine zina milima mirefu yenye mlango mmoja: unapanda siku nzima, unapita kileleni mwa njia, unashuka upande wa pili, umemaliza. Kwetu milango ni mingi na midogo, na inakuchosha kama deni la dukani, kidogo kidogo. Kwa hiyo nawashauri, msiulize njia ina kilomita ngapi. Ulizeni ina mito mingapi.

Kutoka Moshi kwenda Marangu zipo njia tatu, nami nilizijaribu zote, kila Jumamosi moja, baada ya kumaliza matangazo.

Ya kwanza ni ya juu, ipitayo katika vihamba vya Kirua na Kilema. Sioni njia nzuri kuliko hiyo. Unapita chini ya migomba na miti mirefu, mifongo inaimba pembeni, na hewa ni baridi hata saa sita mchana. Kule Kilema ndiko Mapadre wa Roho Mtakatifu walikofungua misheni yao ya kwanza ya Kilimanjaro mwaka 1890, nao ndio walioleta kahawa huko. Nilitamani mno kumpitisha mzee huko. Lakini nilianza kuyahesabu mabonde nikaacha, kwani kila nililolimaliza lilikuwa na kijito kingine mbele yake. Nilifika Marangu nimekula kiburu chote nilichofungiwa, na bado njaa. Mimi nina miaka 34, na baiskeli yangu ya mtumba ina gia. Phoenix ya mzee haina gia hata moja. Njia ya juu nikaifuta.

Ya pili ni barabara kuu ya lami mpaka Njia Panda ya Himo, kama kilomita 27. Ni njia ya haki, haina milima mikali, na ukitoka asubuhi utakuwa Himo kabla ya saa nne. Ubaya wake ni mabasi ya Dar es Salaam na malori ya Holili. Lori likikupita, upepo wake kwanza hukusukuma, kisha hukuvuta. Kijana huyumba akarudi. Mzee akiyumba je? Nikaifuta nayo.

Ikabaki ya tatu, njia ya chini, ambayo ndiyo mzee aliyoitaka tangu mwanzo: kushuka tambarare kupitia Mabogini na Chekereni hadi Kahe, karibu na reli, kisha kupinda kaskazini kwenda Ghona na Himo. Ni kama kuzunguka ukingo wa mwavuli badala ya kuzivuka mbavu zake. Ni ndefu zaidi, na jua lake ni kali, kwani Kahe iko karibu mita 700 tu juu ya bahari. Lakini ni sawa kama meza.

Hapa sina budi kusema kidogo habari ya reli, kwa sababu vijana wengi hawajui kwa nini ilipita huko chini badala ya kuja kwetu juu. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893. Ilitambaa polepole, ikizunguka Milima ya Usambara na Upare, na mwaka 1911 ikafika Moshi, kilomita 352 kutoka baharini. Mwaka 1929 ikaendelezwa mpaka Arusha. Garimoshi halina miguu ya mbuzi, halipandi mwinuko mkali. Kwa hiyo wajenzi wa reli ni walimu wazuri wa mwendesha baiskeli: walikwisha kuitafuta njia rahisi kabla yetu, wakaipima kwa vyombo. Ukiona reli imezunguka kilima, usijifanye hodari kukipita kilima hicho juu.

Tawi la Kahe kwenda Taveta lina habari nyingine. Hilo ni mtoto wa vita. Mwaka 1915 Waingereza walianza kutandika reli kutoka Voi, wakiwafuata Wajerumani, na mwezi wa Machi 1916 walipigana vita vikali katika mlango ulio kati ya vilima vya Latema na Reata, karibu na Taveta, na siku chache baadaye wakapigana tena Kahe yenyewe. Mwaka huo huo reli yao ikaungana na ile ya Wajerumani. Mzee husema kwamba hata wakati wake, walipochimba ili kubadilisha mataruma, sururu ziliinua maganda ya risasi. Waliyatupa, ila mmoja wao alikuwa akiyakusanya ili atengenezee vishikizo vya milango. Mwaka 1977 jumuiya ya nchi tatu ilivunjika, mpaka ukafungwa, na gengi la mzee likahamishiwa upande mwingine. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini tawi lile halikurudia uhai wake wa zamani.

Nilisoma kwamba katika nchi za mbali, reli zikifa, watu hung'oa vyuma na kuligeuza tuta kuwa njia ya baiskeli. Kule Uingereza, kati ya mji wa Bristol na mji wa Bath, wamefanya hivyo, na watu huenda kazini na shuleni juu yake bila kukutana na gari. Nikamwambia mzee habari hizo kwa furaha, nikifikiri nimemletea zawadi. Nilikuwa nimekwisha kuchora mstari mwekundu juu ya reli yenyewe kutoka Moshi hadi Kahe.

Akauangalia mstari wangu muda mrefu.

"Reli hiyo imekufa lini?" akauliza.

Nikanyamaza, kwani alikuwa na haki. Treni za abiria zilikaa miaka mingi bila kufika Moshi, watu wakaota majani juu ya reli katika mawazo yao, wakaanika mpunga kando yake, wakafunga mbuzi. Lakini mwaka 2019 zilirudi, kwanza za mizigo mwezi wa Julai, kisha za abiria mwezi wa Desemba, na mwaka 2020 zikafika tena Arusha. Mzee akanieleza kwamba reli yenye treni chache ni ya hatari kuliko reli yenye treni nyingi, kwa sababu watu hawaitazamii. Tena treni ikija kutoka nyuma yako upepo ukiwa mbele, huisikii mpaka imekaribia, na dereva wake hata akikuona hawezi kusimama kama daladala. Sheria nayo hairuhusu mtu kuifanya reli njia yake. "Mimi nimeokota watu," akasema. Hakueleza zaidi, nami sikuuliza. Nikachukua ufutio.

Kwa hiyo, ninyi vijana mnaopenda kupita juu ya tuta la reli kwa kuwa ni sawa na fupi, fuateni njia ya kijiji iliyo kando, hata ikiwa na vumbi. Kokoto za reli hukata mipira, na mataruma hutikisa mwili mpaka meno. Hamtapata faida yoyote.

Ikabaki kazi ya kupanda. Kutoka Himo hadi Marangu Mtoni barabara hupanda mfululizo, zaidi ya kilomita kumi, mpaka mtu apite kimo cha mita 1,300. Hakuna hila ya kuukwepa mwinuko huo. Kilichopo ni saa. Toka Himo alfajiri, wakati Kibo imejifunua na hewa ina baridi, na ikifika saa nne uwe umemaliza sehemu mbaya. Kusukuma baiskeli si aibu. Kanyaga panapokanyagika, sukuma panaposukumika, na usishindane na mtu yeyote, hasa na mwanafunzi aliyebebwa nyuma ya pikipiki akikupungia mkono. Mwaka 1985 kilichapishwa kitabu cha Waingereza wawili, binamu, Richard na Nicholas Crane, waliofika na baiskeli zao mpaka kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. Nilimsimulia mzee. Akafikiri, akauliza: "Waliwapanda baiskeli, au baiskeli ziliwapanda wao?" Nadhani jibu ni yote mawili, kwa zamu.

Lakini watu wote huogopa kupanda, na kupanda hakujamuua mtu. Kinachoumiza ni kushuka. Hili nalisema kwa ngozi yangu. Mwaka wangu wa pili chuoni nilikuwa nikishuka kutoka Kibosho kwenda mjini, mvua imekatika sasa hivi, udongo mwekundu umelegea, nami nimebana breki tangu juu kabisa bila kuachia. Raba zilipata moto, kisha zikalainika, kisha zikaisha. Nikasikia chuma juu ya chuma, na baada ya hapo sikusikia tena kitu cha kunizuia. Kona ilikuja, nikaikosa, nikaingia katika kihamba cha watu, nikavunja mgomba mmoja wenye mkungu mchanga, nikatua ndani ya mfongo. Bibi mwenye kihamba alinitoa, akaniosha damu kwa maji ya mfongo wake, akanipa mbege kidogo, kisha akanidai mgomba. Nilimlipa kwa kupalilia Jumamosi mbili. Kovu ninalo kwenye kiwiko hadi leo.

Tangu hapo nina utaratibu. Kabla ya safari yenye mteremko nabadilisha raba zote nne, za mbele na za nyuma, hata kama za zamani zinaonekana nzima. Katika kushuka nabana na kuachia, nabana na kuachia, nikitumia breki zote mbili. Baada ya kila mteremko mrefu nasimama, nagusa rimu kwa kidole: ikiunguza, napumzika mpaka ipoe. Mzigo naufunga chini na nyuma, usiwe wa kuning'inia kwenye usukani. Na mvua ikinyesha nashuka kwa miguu, kwani raba zilizolowa huchelewa kushika. Kwa sababu hiyo pia nilikataa kuondoka mwezi wa Mei, ingawa mzee alikuwa tayari. Tukangoja mpaka Julai, masika yamepita na barabara zimekauka.

Kuhusu njia ya kurudi, ile niliyoagizwa kuichora kwanza, niliichora kwa mstari mmoja: baiskeli juu ya gari, mzee ndani ya gari, kutoka Mkuu mpaka mlangoni kwake. Nilidhani atakataa. Hakukataa. Alisema mwaka 1974 pia alirudi kwa gari, sehemu ambayo kila Krismasi alikuwa hajatusimulia.

Jambo la mwisho nililoliweka katika mpango wangu sikuliona katika kitabu chochote. Pamoja na vituo vya kulala, niliandika pia vituo vya kukata tamaa. Yaani katika kila hatua ya njia nilitafuta mahali penye magari ya kutosha, duka, na kivuli, ambapo mtu aliyechoka anaweza kusema "mimi basi" bila kukaa porini. Kahe, Njia Panda, Himo, Marangu Mtoni, Mwika, Keni. Niliviandika kwa penseli nyuma ya karatasi, sikumwonyesha mzee.

Tuliondoka Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi. Mzee alipimwa presha wiki iliyotangulia, na mganga akasema anaweza, ila asikimbizane. Alivaa koti lake la zamani la kazi. Tulipita kwenye mashamba ya mpunga, kando ya mifereji ya mradi uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Wajapani, na maji yalikuwa yakimetameta kila upande, na Kibo imesimama ndani yake kichwa chini. Mzee alienda polepole, mwendo mmoja, kama saa ya ukutani. Mimi nilikuwa natangulia, nasimama, nangoja. Baada ya Chekereni niliacha kutangulia, kwani niligundua kwamba yeye hapumziki kabisa na mimi ndiye ninayechoka.

Kahe tulikaa zaidi ya saa moja. Hapo ndipo njia mbili za reli zinapoachana, ya Tanga na ya Taveta. Tulisimama mbali kidogo, barabarani. Mzee akanionyesha kwa kidole nyumba za gengi zilikokuwa, na mti walikofunga kiberenge, na mahali ambapo mnyapara wao alikuwa akisimama asubuhi kuita majina. Aliyaita majina yale kwa sauti, kwa mpangilio ule ule. Yalikuwa kumi na mawili. Baada ya kila jina alitulia kidogo, na mara mbili tu aliongeza: "Huyu yupo."

Kutoka Kahe kwenda Ghona na Himo tulipata tulichotarajia, jua na vumbi, na tusichotarajia, miiba. Wasomaji wa juu mlimani, mkishuka tambarare kumbukeni miiba ya migunga. Kwangu pancha mbili, kwake moja. Beba viraka, gundi, msasa, na pampu inayofanya kazi, na kabla ya kurudisha mpira wa ndani pitisha vidole ndani ya tairi, maana mwiba hujificha na kukudunga mara ya pili. Maji tulikuwa na lita sita, na tulifika Himo na nusu lita. Tulilala katika nyumba ya wageni. Mzee alisali, akala wali na maharage, akalala kabla ya saa mbili.

Siku ya pili tulipanda Marangu. Sina mengi ya kusema juu ya siku hiyo isipokuwa kwamba tulisukuma. Nilimwomba tubadilishane baiskeli, achukue yangu yenye gia. Akaigusa mikono ya gia, akasema ina kelele. Tulifika saa tano, tukapokewa na mwalimu niliyesoma naye chuo, na jioni mzee aliketi nje na blanketi mabegani akitazama magari ya watalii yakipanda kwenda lango la mlima.

Siku ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu. Kutoka Marangu kwenda Tarakea ni kama kilomita 64, lami tupu, na Mkuu iko karibu na nusu yake. Barabara ni nzuri. Lakini ni barabara inayokatisha migongo, na ingawa wajenzi wa lami wamepunguza ukali wa mabonde, hawakuyaondoa. Mamba tulipita vizuri. Kabla ya Mwika, katika mpando ambao si mkubwa hata kidogo, mzee alishuka, akasukuma hatua kumi, akasimama. Akaegemea baiskeli. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, na mkono ulioshika usukani ulikuwa ukitetemeka. Nilimpa maji na ndizi. Tukaketi ukingoni mwa barabara muda mrefu. Niliogopa, wasomaji, siwafichi. Niliyafikiri maneno ya mama watoto, nikaiona karatasi yangu yote na mistari yake mizuri kuwa ujinga mtupu.

Rangi yake iliporudi akaniuliza: "Kituo chako cha penseli kinachofuata ni kipi?"

Kumbe alikuwa ameisoma karatasi tangu Himo, nilipokwenda kuoga.

"Mwika, baba."

"Ni mbali?"

"Nyuma ya kona ile."

Tukasukuma baiskeli mbili hadi Mwika, mimi ya kwangu kushoto na yake kulia, yeye akitembea katikati. Tukapata Hiace ya Mkuu. Phoenix ikafungwa juu, mzee akaketi mbele na dereva. Nilitaka niende naye, akakataa, akasema anayeacha njia nusu awe mmoja. Dereva nikampa namba yangu ya simu. Kisha nikaendelea peke yangu, Mamsera, Mengwe, Keni, nikipanda na kushuka, na upande ule mvua ni haba kuliko Kibosho, migomba imeachana, na chini kulia unaona nchi ya Kenya imelala tambarare mpaka upeo wa macho.

Nilipofika Mkuu saa nane nilimkuta kwenye kibaraza cha duka, amekunywa soda, amekwisha kupangusa vumbi la Phoenix kwa kitambaa. Alikuwa amepata nguvu kunipita. Nyumba ya dada yake iko kama kilomita moja kutoka barabarani, njia ya udongo inayoteremka taratibu katikati ya vihamba. Akapanda baiskeli. Nikamfuata nyuma. Alishuka akibana na kuachia, kama nilivyomfundisha, na alipokaribia boma lenye masale akapiga kengele mara tatu.

Dada yake alikuwa ameketi uani akipukuchua mahindi. Hakuinua macho, kwani hayamsaidii. Aliinua kichwa.

"Hiyo ni kengele ya mtu wa reli," akasema.

Mengine waliyosemezana ni yao. Baada ya salamu, na baada ya maziwa na ndizi, na majirani kuitwa waje kumwona, shangazi alishika mkono wa mdogo wake akauliza kwa sauti ya kutaka wote wasikie: "Umekuja kwa baiskeli tangu Kahe?"

"Nimekuja kwa baiskeli," mzee akajibu.

Akanitazama. Mimi nikainama kufunga kamba ya kiatu changu, ambayo ilikuwa imefungwa.

Tulikaa siku mbili, tukarudi kwa gari kama nilivyochora. Nilipomwambia mzee kwamba nataka kuiandikia gazeti safari hii, akaniruhusu niandike yote, hata Mwika, kwa sababu dada yake hawezi tena kusoma. Lakini nimekumbuka baadaye kwamba gazeti hili humfikia, na wajukuu wake ndio humsomea Jumapili mchana. Basi nawaomba, ninyi wajukuu wa Mkuu: mkifika pale Mwika, rukeni mistari michache.